Uso Wangu Uko Kwenye Chupa Hii

Ndugu zangu wa milimani Mbinga, na ninyi mlioko kule chini ziwani, sogeeni niwasimulie yaliyoipata nyumba ya Walburga wa Kitura. Siwasimulii ili mpate cha kuteta kisimani. Nawasimulia kwa sababu chupa za namna ile bado zinauzwa, na masikio yetu bado ni mepesi.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa kumi, kahawa imechanua. Aliyewahi kuishi Kitura anajua maana yake: mlima mzima unakuwa mweupe, na harufu ya maua inaingia hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Walburga alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya jiko lake, anatwanga majani kwenye kinu kidogo. Mbele yake alikaa jirani yake, Clemence, mikono imejaa vipele, anajikuna kama mtu anayetaka kujichuna ngozi. Alikuwa amefyeka kichaka shambani kwake, asijue kina upupu.

"Acha kujikuna, mama, utajitoa damu," Walburga alimwambia. "Lete mkono."

Akampaka rojo ile ya kijani toka kwenye vidole hadi kwenye viwiko. Nyuki walikuwa wanavuma shambani, kuku anapekua takataka. Kisha Clemence akashusha pumzi ndefu.

"Mama Dastan, Mungu akuweke."

"Ameshaniweka. Nenda ukaoge, na hizo nguo uziloweke kabla hazijamwasha mwingine."

Hiyo ndiyo dawa yenyewe, na mimi sitaisema vibaya. Ni mmea mdogo unaotambaa kwenye kingo za ngoro, yale mashimo tunayolimia mahindi na maharage kwenye miteremko. Walburga alifundishwa na mama yake, na kwao waliuita jani la ukingoni. Ulituliza mwasho wa upupu, wa viwavi, wa vumbi la kupukuchua mahindi. Hakutoza mtu. Lakini akija mtu amevimba uso au anahema kwa shida, Walburga hakugusa hata mchi. "Hiyo si yangu," alikuwa akisema. "Kimbia zahanati." Na alikuwa akisimama mlangoni hadi amwone mtu yule ameshika njia.

Utulivu huo ulianza kuchafuka siku alipokuja Rukaiya. Si kwamba Rukaiya alikuwa na ubaya. Alikuwa binti mtafiti wa chuo, amezaliwa Mbinga mjini kwa wazazi wafanyabiashara waliotokea pwani, na alikuwa amekuja mara mbili kuchuma majani yale ili ayapeleke maabara. Safari ya tatu alikuja kutoa majibu. Wachache sana hurudi kutoa majibu, kwa hiyo Walburga alimpikia chai ya maziwa.

"Mzio, mama, ni mwili kuogopa kitu ambacho si adui," Rukaiya alieleza. "Vumbi la maua, samaki, karanga, sumu kidogo ya nyuki. Wengine hawadhuriki nacho, lakini mwili wa huyu unadhani umevamiwa na simba, unapiga yowe. Ndivyo vipele, ndiko kuvimba. Tumekamua majani yako, na maji yake yanaonekana kulipunguza lile yowe. Huenda siku moja yakawa dawa ya mzio. Lakini nasema huenda. Tumejaribu kwenye vichupa vya maabara tu, hatujampa mtu hata mmoja. Itachukua miaka. Na ule mzio unaofunga koo, mama, huo usiuguse kabisa."

"Siugusi," Walburga alijibu. "Sijawahi kuugusa."

Mtoto wake Dastan alikuwa ameegemea mhimili wa baraza, anasikiliza. Katika maneno yote yale alichukua manne: yakawa dawa ya mzio. Lile "huenda" akaliacha pale pale barazani, pamoja na vikombe vya chai.

Dastan hakuwa mlevi wala mwizi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne aliyejaribu kila kitu, kuuza simu, kununua kahawa mbichi kwa wakulima, kusafirisha dagaa, na kila kitu kilimkatalia mikononi. Alikuwa amemwoa Aurelia, binti kutoka Mapera, mwanamke mtulivu mwenye kicheko cha ghafla. Dastan alichoka kuitwa "yule wa kujaribu". Baada ya wiki chache akawa anachemsha majani kwenye pipa nyuma ya nyumba, anatia sukari na rangi, anajaza kwenye chupa za plastiki. Rafiki yake Ildefonsi alichapisha lebo mjini. Juu ya lebo kulikuwa na picha ya Walburga aliyopigwa siku ya kipaimara cha mpwa wake, ametabasamu, na chini yake maneno: MAMA WALBURGA, KIBOKO YA MZIO WOTE. WA VUMBI, WA SAMAKI, WA NYUKI, WA KARANGA.

Walburga aliisoma polepole, kidole chini ya mstari. Alipofika kwenye nyuki alisimama.

"Nani alisema wa nyuki?"

"Mama, hayo ni maneno ya biashara tu. Kila mtu anaandika hivyo."

"Rukaiya hakusema hivyo."

"Rukaiya ana mshahara, mama. Sisi tungoje miaka yake?"

Ndugu zangu, sitawaficha. Walburga aliudhika, lakini pia alifurahi. Alikuwa hajawahi kuliona jina lake limepigwa chapa popote. Yakaja mabati mapya, likaja godoro nene. Kanisani wanawake wakaanza kumsogelea na kumpisha kwenye benchi la mbele. Akanyamaza. Kabla hujamhukumu, kaa ukumbuke wewe ulipewa nini siku ile uliponyamaza.

Siku moja alishuka Mbinga mjini kununua sabuni kwenye duka la Muharami. Alimkuta mzee yule anazitoa zile chupa rafuni moja moja na kuzipanga kwenye boksi.

"Zimekwisha muda?" Walburga aliuliza.

Muharami alikuwa mtu wa maneno machache. Aliacha kazi, akavuta kiti. "Kaa, Mama Dastan. Nina jambo, na naomba usinichukie."

Akamweleza. Huko Ngumbo, kando ya ziwa, kulikuwa na mwanamke anaitwa Lidia, mke wa mvuvi mmoja, Romanus. Tangu utotoni samaki walikuwa wakimvimbisha. Fikirini basi, mwanamke wa ziwani asiyekula samaki. Alipikiwa maharage peke yake kwenye kila sherehe, na mawifi walikuwa wakisema anaringa. Akainunua chupa kwenye mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Muuzaji akamwambia anywe vifuniko viwili, kisha ale mbasa, wale samaki wa ziwani, bila wasiwasi. Akanywa. Jioni ile akala sahani moja na mumewe kwa mara ya kwanza tangu waoane, na mumewe akafurahi. Hawakuwa wameimaliza sahani koo likaanza kufunga. Na kwa kuwa lebo ilisema kiboko ya mzio wa samaki, walichofanya ni kumnywesha zaidi. Walipokuja kutafuta pikipiki ilikuwa basi tena.

"Wamemzika Jumatano," Muharami alisema. "Mama, Dastan simjui sana. Mimi nilizichukua chupa hizi kwa sababu ya uso wako."

Walburga alisahau sabuni. Alipanda Kitura na kumkuta Dastan anabandika lebo.

"Mwanamke wa Ngumbo amekufa."

"Nimesikia." Hakuinua macho. "Kule ziwani watu wanafariki kila siku, mama. Nani kampima akajua ni nini?"

"Toa uso wangu kwenye chupa zako."

"Nitautoa. Hizi zilizochapishwa zikiisha tu, nabadilisha lebo."

Na Walburga akasema, "Haya."

Neno lenyewe ni fupi, lakini usiku na mchana lilimkaa kifuani. Alimwona Lidia ambaye hakuwahi kumwona, amekaa mbele ya sahani, anacheka na mumewe.

Zilipita wiki mbili. Ilikuwa siku ya gulio, asubuhi, na Dastan alikuwa anafunga maboksi kwenye pikipiki yake uani. Aurelia alikuwa shambani anapalilia chini ya mibuni. Walburga alisikia yowe fupi, kisha akamwona mkwewe anakuja mbio huku ameshika shingo.

"Nyuki," Aurelia alisema. "Mama, ni nyuki."

Hapo lazima niwaeleze. Miaka miwili nyuma nyuki alikuwa amemuuma Aurelia mkononi akavimba mwili mzima. Tabibu wa zahanati, Vitalis, alimwambia wazi: safari nyingine usingoje, itakuwa mbaya kuliko hii, kimbia mara moja uchomwe sindano. Watu wote wa nyumba ile walikuwapo wakati anaambiwa. Dastan alikuwapo.

Walburga alimwondoa mkono shingoni, akauona mwiba, akaukwangua kwa ukucha. Tayari vipele vilikuwa vinapanda hadi kwenye mashavu. Midomo ilikuwa inanenepa huku anaitazama.

"Dastan! Washa pikipiki. Zahanati!"

Dastan alikuja mbio, lakini mkononi alikuwa na chupa. Alimkalisha mkewe chini, akamtilia maji yale mdomoni, yakamwagika kidevuni. Akampaka shingoni mengine. "Meza, mke wangu. Meza, itashuka sasa hivi."

"Dastan, nimesema washa pikipiki."

"Mama, ngoja robo saa. Dawa ianze kazi."

"Dawa gani?"

Dastan alimgeukia, chupa bado mkononi. "Mama, leo ni gulio. Barabara yote imejaa watu, na njia ya zahanati inapita katikati yao. Wakimwona mke wangu mimi anakimbizwa zahanati kwa mzio, nani atanunua tena? Robo saa tu, mama. Nakuomba."

Aurelia alijaribu kusema kitu. Sauti ilitoka nyembamba, imekwaruza, si sauti yake. Alikuwa amekishika kifua na macho yake yalikuwa yanamtazama mama mkwe, si mume.

Hapo ndipo lile "haya" lilipomtoka Walburga mwilini. Hakujibishana. Alitoka hadi njiani na kumwita kwa sauti kubwa Kilian, jirani mwenye bodaboda, aliyekuwa anaosha pikipiki yake mbele ya nyumba. "Kilian! Lete hiyo pikipiki, na povu lake hivyo hivyo!"

Kilian alifika bila shati. Wakampandisha Aurelia katikati, Walburga akapanda nyuma na kumkumbatia kiunoni ili asianguke. Mshikaki, kama vijana wanavyosema. Dastan akasimama mbele ya gurudumu, mikono ameitanua.

"Kilian, zima. Huyu ni mke wangu. Naamua mimi."

Kilian aligeuza shingo. "Mama Dastan, nifanyeje?"

"Kanyaga," Walburga alisema.

"Amesimama mbele, mama."

"Nimemzaa mimi, namwona. Kanyaga! Akitaka kubaki njiani, mgonge."

Kilian akakanyaga. Dastan aliruka pembeni dakika ya mwisho, akaangukia matawi ya kahawa.

Waliteremka wakipita katikati ya gulio. Watu waliruka kando, wenye matenga ya nyanya wakatukana, halafu wakamtambua aliyekaa nyuma. Nani asingemtambua? Uso wake ulikuwa umebandikwa kwenye mabango mawili pale pale. Walburga hakuinamisha kichwa hata kidogo. Alimwambia mkwewe sikioni, "Vuta pumzi, mwanangu. Moja. Nyingine. Usiniachie." Na alihisi mbavu za yule binti zikipanda, kila mara kwa shida kuliko mara iliyopita.

Tabibu Vitalis hakuuliza maswali mlangoni. Alimlaza, akamchoma sindano pajani, akamwekea hewa na dripu, akaagiza miguu yake iinuliwe. Walburga alisimama ukutani. Alihesabu pumzi za Aurelia hadi akachanganyikiwa, akaanza upya. Baada ya muda ule mkwaruzo ukaanza kulegea. Vitalis akatoa stetoskopu masikioni.

"Mngechelewa dakika kumi," alisema, halafu hakumalizia. Akaona kijani kilichomkaukia Aurelia kidevuni. "Alipewa nini?"

"Majani yangu."

"Ya kwenye chupa?"

"Ya kwenye chupa. Yana uso wangu."

Vitalis hakumkemea. Pengine angemkemea angempunguzia uzito. Alisema tu, "Anatakiwa kulala hapa hadi kesho, mama, maana inaweza kurudi. Lakini atapona."

Walburga alimshika Aurelia mkono, akamwambia, "Natoka kidogo. Nina kazi." Kisha akafunga khanga yake vizuri kiunoni na kurudi gulioni kwa miguu.

Ildefonsi alikuwa kwenye meza yake, chupa zimepangwa kama askari, na spika inarudia tangazo lile lile lililorekodiwa: "Kiboko ya mzio wote! Mama Walburga mwenyewe, kutoka Kitura! Vifuniko viwili tu!" Walburga alichomoa waya wa ile rekodi. Kukawa kimya ghafla, kimya kile kinachofanya hata wanaobishania bei wageuke. Akachukua kipaza sauti mezani.

"Mama, vipi tena?" Ildefonsi alinyoosha mkono.

"Nishike uone."

Ildefonsi akaurudisha mkono.

"Mnanifahamu?" Walburga aliuliza. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia. "Mimi ndiye huyu. Uso wangu uko kwenye chupa hii. Nimemtoa mkwe wangu nyumbani sasa hivi akiwa nusu mfu, na dawa hii iko mdomoni mwake. Haikumsaidia chochote. Ameokolewa na sindano ya zahanati. Jani langu linatuliza upupu. Basi! Halijui nyuki, halijui samaki. Aliyewaambia linajua amewadanganya, na mimi niliona akiwadanganya nikanyamaza."

Minong'ono ikapanda. Mwanamume mmoja aliyekuwa amebeba chupa mbili kwenye mfuko alipaza sauti. "Mbona picha ulipiga ukicheka? Mabati mapya ni ya nani?"

"Ni yangu," Walburga alijibu. "Na niliyapenda. Sikuja hapa kujisafisha, baba. Nimekuja kukuzuia usimnyweshe mtoto wako hiyo."

Yule mwanamume alizitazama chupa zake. Wakati huo Dastan alikuwa amefika, shati limechanika begani. Alipenya kwenye watu.

"Mama, unanivunjia riziki mbele za watu!"

"Mkeo yuko zahanati. Hujauliza kama mzima."

Watu wote walisikia kuwa hakuuliza.

Walburga akashika chupa ya kwanza, akafungua kifuniko, akamwaga chini. Akashika ya pili. Ildefonsi alitazama kulia na kushoto kutafuta wa kumsaidia, hakupata. Kilian, bado bila shati, alisogea na kuanza kumwaga naye. Kisha yule mwanamume wa mfuko. Udongo wa gulio ukawa tope la kijani.

Lakini ziwani chupa zilikuwa bado zinauzwa. Aurelia aliporudi nyumbani salama, Walburga alipanda gari kwenda Ngumbo. Alimkuta Romanus amekaa mchangani anashona wavu, akasimama mbele yake na kujitaja jina. Romanus hakusimama. Hakumkaribisha.

"Umekuja kuomba msamaha?" aliuliza.

"Hapana. Siwezi kukuomba kitu kikubwa hivyo. Nimekuja unipeleke mwaloni, useme mbele ya watu kilichomuua mkeo, na mimi niitikie kuwa ni kweli."

Romanus alishona matundu matatu zaidi. "Alifurahi sana siku ile," alisema hatimaye. "Hilo ndilo linaniua. Alikuwa anafurahi." Kisha akatupa wavu, akatangulia. Walisimama mwaloni wote wawili, kati ya majamvi ya dagaa, na kila Romanus aliposema neno, Walburga aliitikia, "Ni kweli. Ndivyo." Muuzaji wa chupa alifunga boksi lake akaondoka kabla hawajamaliza. Romanus hakumsindikiza Walburga kituoni. Na Walburga hakungoja kusindikizwa.

Maofisa walikuja, Dastan na Ildefonsi wakashtakiwa kwa kuuza dawa isiyosajiliwa na kwa kifo cha Lidia. Wakiwa nje kwa dhamana, ukoo ukaitisha kikao nyumbani kwa Erasmo, kaka wa marehemu mume wa Walburga.

"Shemeji," Erasmo alianza kwa upole, "mahakamani wewe ndiye shahidi mkubwa wa serikali. Ukisema umesahau, kesi inalegea. Umri umekwenda, nani atakubana?"

"Umri wangu haujaenda hivyo, shemeji."

"Ni damu yako!"

"Na Lidia alikuwa maji?"

Wengine wakaanza kuguna, shangazi mmoja akasema mama wa namna hiyo hajawahi kuonekana katika nchi yetu ya Umatengo. Walburga akainuka. "Basi mtakuwa mmeniona mimi. Nikinyamaza tena, nitakuwa nimemfundisha mwanangu kuwa mtu akifa ni sawa mradi asiwe wa kwetu. Siwezi. Mnitenge, msinitenge, naenda."

Aurelia, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake, aliinuka naye. Alichukua khanga yake akamfuata mama mkwe, na hakuna aliyewazuia.

Mahakamani waliuliza uhusiano wake na mshtakiwa. "Ni mwanangu wa kumzaa," Walburga alijibu. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe." Akaeleza yote, la mabati, la godoro, na la siku ile alipomjibu mwanawe "haya". Hakimu alimuuliza kama anajua maneno yale yanamgusa na yeye. Akasema anajua.

Dastan alifungwa. Mama yake alianza kumtembelea gerezani na kikapu cha ugali na maharage. Safari ya kwanza Dastan alimpa kisogo. Ya pili vilevile. Walburga alikaa hadi muda ulipoisha, akaacha chakula, akarudi Kitura. Rukaiya bado huja kuchuma majani, na dawa yake bado haijajaribiwa kwa watu.

Safari ya tatu Dastan alikula kidogo, akaweka bakuli chini.

"Aurelia," aliuliza. "Yukoje?"

"Anapumua," mama yake alijibu.

FUNZO

Wenzangu, mimea yetu ina nguvu, na siku moja huenda majani ya kwenye kingo za ngoro yakawatibu watu wa nchi nyingi. Lakini neno huenda ni neno la mtu mkweli. Anayelifuta ili auze, amekuibia, na kitakachopotea kinaweza kuwa pumzi ya mtoto wako. Mwasho wa ngozi unaweza kungoja jani. Midomo ikivimba, sauti ikikwaruza, pumzi ikikata, mtu akitapika au kuzirai baada ya kuumwa na nyuki au kula kitu, usimnyweshe chochote na usimngojee mtu yeyote. Mkimbize zahanati mchana kweupe, katikati ya gulio, watu waone.

Na ukijua kuwa kinachouzwa ni uongo, usinyamaze kwa sababu muuzaji ni mwanao, au mumeo, au kwa sababu na wewe umepata bati. Watakuuliza kwa nini hukusema jana. Kubali kuwa hukusema jana. Halafu useme leo, kwa sauti, hata wakichomoa spika.